Karo Iliyoruka na Ndege, na Mchezo wa Sayari 2,048

Likizo ya Desemba iliyopita nilirudi nyumbani Nyamira nikiwa na nia moja tu, nayo ni kupumzika. Sikufanikiwa. Jioni ya kwanza dada yangu alinijia kutoka shambani, kikapu cha kuchumia majani chai kikiwa kingali mgongoni, akaketi kwenye kigogo kando ya jiko, akanyamaza kwa muda, kisha akasema: "Ndugu yangu, karo imeruka na ndege."

Ndege aliyoitaja haina rubani wala abiria. Ni picha ndogo iliyomo ndani ya simu. Hupaa katika skrini nyeusi, na kando yake kuna namba inayozidi kupanda: moja na nusu, mbili, tatu, tano. Aliyeweka pesa zake hutakiwa abonyeze na kuzitoa kabla ndege haijatoweka. Akichelewa, pesa zimekwenda nayo. Mpwa wangu, mvulana wa Kidato cha Tatu, alikuwa amepewa simu ya mamaye ili alipe karo ya muhula wa kwanza. Shilingi 12,000 za bonasi ya chai, jasho la mwaka mzima, zilikwisha usiku mmoja chini ya blanketi.

Majirani walikwisha kutoa hukumu. Simu ivunjwe, na kijana asiruhusiwe tena kugusa mchezo wowote wenye skrini. Mwalimu mmoja mstaafu, mtu ninayemheshimu sana, aliniambia kwa masikitiko kwamba michezo hii yote ni mamoja: humnyang'anya mtoto akili kwanza, kisha pesa. Nilimsikiliza kwa adabu. Hata hivyo, kazi yangu ni maneno, na kadiri nilivyoyatafakari maneno yake ndivyo nilivyoona kwamba neno moja, "mchezo," limefunika vitu viwili vilivyo mbali kama mbingu na ardhi. Katika makala haya ninakusudia kuvitenganisha, kwa sababu naamini kwamba tusipovitenganisha sisi walimu na wazazi, watoto wetu watatenganishiwa na wafanyabiashara.

Nianze na kukiri kosa langu mwenyewe. Mimi pia nilichapwa kwa ajili ya mchezo. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 palikuwa na kibanda kimoja sokoni Keroka ambacho mwenyewe aliweka televisheni ndogo iliyotumia betri ya gari. Kwa shilingi moja ungeruhusiwa kushika kidude chenye vitufe na kuendesha chombo cha angani kilichofyatulia risasi majeshi ya wadudu waliokuwa wakiteremka kutoka juu. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba mchezo ule uliitwa Galaxian, na kwamba ulitolewa na kampuni ya Namco ya Japani mwaka 1979. Jumamosi moja nilitumwa chumvi, nikarudi magharibi bila chumvi na bila shilingi. Marehemu baba hakuuliza maswali mengi.

Michezo ya aina hiyo ina ukoo mrefu. Mwaka 1962 Steve Russell na wenzake katika chuo cha MIT, Marekani, waliandika programu iitwayo Spacewar!, ambamo vyombo viwili hupigana kandokando ya nyota inayovivuta. Mashine waliyoitumia, PDP-1, ilikuwa kubwa kama kabati kadhaa zilizopangwa pamoja. Mwaka 1978 Tomohiro Nishikado wa Japani alitoa Space Invaders, na dunia nzima ikaanza kuwafyatulia risasi wageni kutoka angani. Haukupita muda mrefu tarakilishi zikawa ndogo na rahisi kiasi cha kuweza kuwekwa sebuleni, na michezo hiyo ikahamia majumbani.

Katika ukoo huo upo mmoja ambao mimi, mtu wa isimu, sijaacha kuustaajabia. Unaitwa Elite. Niliukuta nilipokuwa mwanafunzi Uingereza, siku nilipozuru makumbusho ya tarakilishi pale Bletchley, ambako kuna darasa zima lililojaa mashine kuukuu ziitwazo BBC Micro, na mgeni huruhusiwa kuketi na kuzitumia. Elite uliandikwa na vijana wawili waliokuwa wakisoma Chuo Kikuu cha Cambridge, David Braben na Ian Bell, nao ukatolewa mwaka 1984 na Acornsoft. Siku hizi zipo programu zinazoiwezesha tarakilishi yoyote kuigiza mashine ile ya kale. Basi usiku ule wa pili nyumbani, badala ya kumchapa mpwa wangu au kumhubiria, nilifungua kipakatalishi changu mezani, nikamwambia: "Njoo, nami nikuonyeshe mchezo."

Kwanza alicheka. Vyombo vya Elite ni mistari mitupu, mithili ya vibanda vya fito kabla havijakandikwa udongo. Hakuna rangi za kuvutia, hakuna muziki wa kishindo. Mchezaji huanza katika sayari iitwayo Lave akiwa na chombo kimoja na fedha 100 za huko. Hununua bidhaa hapa, huiuza kule, na njiani hukabiliana na maharamia. Mmoja wa maharamia hao huendesha chombo kiitwacho Mamba. Mpwa wangu alitaka kujua imekuwaje mnyama wa mtoni akaruka angani, nikamweleza kwamba waandishi walivipa vyombo vyao majina ya nyoka, na kwamba Waingereza walilichukua neno hilo kwa ndugu zetu Wabantu wa kusini, ambao kwao ni jina la nyoka mwenye sumu kali.

Baada ya kugonga kituo cha Lave mara sita, kwa maana kituo chenyewe huzunguka na hapana budi uzungushe chombo chako sawasawa nacho ndipo uingie, kijana aliacha kucheka. Aligundua kwamba chakula ni rahisi katika sayari za wakulima na ghali katika sayari zenye viwanda. "Ni kama ndizi," akasema. Naam, ni kama ndizi. Mama yeyote anayenunua mkungu Nyamira na kuupakia kwenye lori la Nairobi amekwisha kuufahamu uchumi wa Elite. Sisemi kwamba mchezo huu ni mtakatifu. Miongoni mwa bidhaa zake zimo dawa za kulevya na hata watumwa, ingawa anayezichukua hufukuzwa na polisi. Mzazi anayo haki ya kuyahoji mambo hayo. Lakini mle ndani anayejifunza hufaulu kuliko asiyejifunza, na aliyegonga kituo mara sita huingia mara ya saba. Hiyo ni tofauti ya kwanza kati yake na ile ndege.

Tofauti ya pili ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Nilimuuliza kijana: "Unadhani sayari hizi ni ngapi?" Akakisia hamsini. Nikamwambia ni 2,048: galaksi nane, kila moja ikiwa na sayari 256, na kila sayari ina jina lake, mahali pake, serikali yake na bei zake. Kisha nikamweleza kwamba kumbukumbu ya mashine ile yote, pamoja na sehemu iliyotumika kuchora skrini, ilikuwa kilobaiti 32. Picha moja tu aliyokuwa nayo kwenye simu ya mamaye haingeenea humo. Lau kila jina lingehifadhiwa kwa herufi saba hivi, majina peke yake yangekula kilobaiti 14, karibu nusu ya mashine nzima. Sasa wale vijana wawili walifanyaje?

Hawakuhifadhi majina. Walihifadhi kanuni. Galaksi ya kwanza yote imo katika namba tatu: 23,114, 584 na 46,931. Zijumlishe, unapata 70,629. Mashine haiwezi kushika namba inayozidi 65,535 katika nafasi hiyo, kwa hiyo huanza upya kama mita ya gari inaporudi sifuri, yaani huondoa 65,536 na kubakiwa na 5,093. Hiyo ndiyo namba ya nne. Sasa itupe ile ya kwanza, ujumlishe tatu zilizobaki, uendelee vivyo hivyo. Kutokana na mfululizo huo programu huchota kila kitu kuhusu sayari, likiwemo jina. Na jina hujengwa kwa vipande 31 tu, takriban vyote vya herufi mbili mbili. LA na VE hufanya Lave. DI na SO hufanya Diso. LE, ES na TI hufanya Leesti. TI, ON, IS na LA hufanya Tionisla. Herufi zipatazo sitini, pamoja na kanuni moja ya kujumlisha, zikazaa anga nzima.

Mwalimu wa darasa la kwanza anayesoma makala haya bila shaka ameanza kutabasamu. Hivyo sivyo anavyofanya kila Januari, anapoandika ubaoni ba, be, bi, bo, bu? Lugha yenyewe imejengwa kwa siri hiyo hiyo. Kiswahili kina irabu tano na konsonanti zisizozidi dazeni mbili na ushei, na bado hakuna msomaji aliyewahi kuyamaliza maneno yake. Nilimpa mpwa wangu daftari, nikamwandikia baadhi ya vipande vya Elite: SO, MA, DI, RA, BI, LA, TE, LE, ZA. Nikamwambia atafute Kiswahili humo. Baada ya dakika chache alikuwa na soma, dira, bila, tele, mara, zama, tema na lala. Kisha, bila kuambiwa, akaunga vipande vinne na kubuni sayari yake mwenyewe, akaiita Somadira.

Nikaenda hatua moja zaidi, maana mwalimu ni mwalimu hata akiwa likizoni. Nikambunia mashina mawili yasiyo na maana kutokana na vipande vile vile, -teso na -reso, nikamwambia ayatie katika Ekegusii kama majina ya vitu, jinsi tunavyosema egetabu na ekerogo. Akajibu papo hapo: egeteso, ekereso. Kwa nini moja amelitia g na jingine k? Hakujua. Hakuna aliyewahi kumfundisha. Wanaisimu huiita Kanuni ya Dahl, kwa jina la mmisionari aliyeibainisha katika Kinyamwezi: k ya kiambishi hugeuka g panapofuata konsonanti isiyo na ghuna kama t au k, na hubaki k panapofuata yenye ghuna kama r. Mtoto yeyote wa Nyamira anayo kanuni hiyo kichwani kabla hajaanza shule. Anaweza kuitumia katika neno ambalo halijapata kutamkwa duniani. Anacho kichwani kitu chenye nguvu kuliko Elite, ila hakuna aliyempa fursa ya kukitazama.

Kuna kisa kinachosimuliwa kuhusu waandishi wale wawili. Awali walikusudia galaksi nyingi mno, zaidi ya trilioni 280, kwa kuwa kanuni iliwaruhusu. Mchapishaji akawasihi wapunguze, kwani wingi usio na mipaka ungemchosha mchezaji na kuifichua hila. Galaksi nyingine ikatupwa kwa sababu kanuni ilikuwa imeipa sayari yake moja jina ambalo kwa Kiingereza ni tusi. Kanuni huzaa maumbo, haina aibu wala heshima. Maana hutiwa na watu. Ndiyo maana kanuni yoyote, hata iwe nzuri namna gani, huhitaji binadamu wa kuisimamia.

Hapo ndipo kijana aliponyamaza. Aliitazama ile karatasi ya vipande, akaitazama simu ya mamaye iliyokuwa juu ya kabati, akaniuliza swali ambalo nilikuwa nikilisubiri tangu jioni ya kwanza: "Mjomba, na ile ya ndege, kanuni yake iko wapi?"

Nilimjibu kwamba ipo. Ndege ile nayo huendeshwa na mfululizo wa namba, kama sayari za Elite. Tofauti ni kwamba katika Elite mfululizo ni ule ule kwa kila mchezaji, Lave hubaki Lave leo na kesho, na anayeuchunguza hujifunza. Katika ule mwingine mchezaji hupewa kitufe tu, na namba ijayo hawezi kuijua hata akeshe mwaka mzima. Jambo moja tu ndilo la hakika, nalo ni fungu la mwenye mchezo. Tukachukua kikokotoo. Nikamwambia: tuseme mwenye mchezo hujiwekea shilingi 3 tu katika kila shilingi 100 zinazochezwa, nawe unabakiwa na 97. Yaonekana ni haki. Sasa chukua shilingi 1,000, uzizungushe zote mara hamsini, jambo ambalo huweza kufanyika kabla ugali haujaiva na kupakuliwa. Zidisha kwa 0.97 mara hamsini.

Alizidisha. Alipofika mwisho akazidisha tena kutoka mwanzo, akidhani amekosea. Jibu lilikuwa shilingi 218. Huo ni wastani, nikamweleza. Mmoja atapata zaidi na atatangazwa, wengi watapata sufuri na watanyamaza. "Kwa hiyo sikushindwa kwa sababu nilichelewa kubonyeza," akasema polepole. Nilitamani majirani wote wawepo kuisikia sentensi hiyo. Mtoto aliyeaminishwa kwamba alishindwa kwa kuchelewa atarudi kesho ili awahi. Mtoto aliyeiona kanuni hana sababu ya kurudi.

Sidai kwamba hesabu moja ya usiku mmoja hutibu maradhi ya kamari. Sheria zina nafasi yake. Aprili 2025 serikali yetu ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, na nadhani ilichelewa. Lakini sheria humzuia mtoto kwa nje, ilhali shule ndiyo iwezayo kumkinga kwa ndani. Na hapo ndipo ninapowageukia walimu wenzangu.

BBC Micro haikuwa mashine ya michezo. Ilitolewa mwishoni mwa 1981 kama sehemu ya mradi wa shirika la utangazaji la Uingereza wa kuwafundisha raia wote maarifa ya tarakilishi, na serikali ya huko ikazisaidia shule kuinunua. Mtoto alipoiwasha hakukuta picha za kubonyeza. Alikuta mstari mmoja mtupu ukimsubiri aandike agizo. Ilimlazimu aseme na mashine, naye akajifunza kwamba mashine hutii kanuni, na kwamba kanuni huandikwa na watu kama yeye. Kutokana na darasa hilo wakatoka wengi walioandika programu zao wenyewe.

Sisi nasi tumejaribu. Tableti zilianza kupelekwa katika shule zetu za msingi mwaka 2016, zikafika katika shule zaidi ya 20,000. Mwaka 2022 taasisi yetu ya kukuza mitaala iliidhinisha silabasi ya kuandika programu kwa shule za msingi na za sekondari, na Kenya ikasifiwa kwa kutangulia barani. Wapo pia vijana wetu waliothubutu: mwaka 2015 Black Division Games ya hapa nchini ilitoa Nairobi X, mchezo wa kufyatua risasi ambamo wageni kutoka angani wanalivamia jiji letu kuu. Kwa hiyo uwezo tunao. Tunachokikosa aghalabu ni mazoea ya kumwonyesha mtoto yaliyomo nyuma ya skrini. Twamfundisha kubonyeza, kisha twashangaa anapobonyeza penye hasara.

Wala si lazima shule iwe na umeme ndipo jambo hili lifanyike. Vipande vya Elite huenea ubaoni. Mwalimu wa Kiswahili awaandikie wanafunzi vipande thelathini na awaambie wajenge majina ya sayari, kisha awaulize kwa nini baadhi yanaonekana ni Kiswahili na mengine hayaonekani. Asiwaache wakariri ngeli kama orodha ya wafalme. Awape neno la kubuni na awaulize wingi wake ni upi, halafu wamweleze wamejuaje. Mwalimu wa hisabati achukue namba zile tatu na awaache wanafunzi waendelee kujumlisha hadi kengele ilie. Na siku moja katika muhula, mwalimu huyo huyo awape ile hesabu ya 0.97. Hiyo itakuwa huduma kubwa kuliko hotuba kumi za gwaride.

Mpwa wangu alirudi shuleni Januari. Nusu ya karo niliitoa mimi kama mkopo, naye anaulipa kwa kuchuma chai kila likizo, kilo kwa kilo, katika daftari anayoitunza mamaye. Simu haikuvunjwa. Siku niliyoondoka dada yangu alinisindikiza hadi barabarani, akaniuliza kama ni kweli kwamba mwanawe amejenga sayari. Nikamwambia ni kweli, na jina lake ni Somadira. Akalitamka mara mbili, akaligawa vipande kama afanyavyo mtu anayejifunza kusoma, kisha akasema: "Soma. Dira. Hilo ni jina la mtu aliyekuwa amepotea."